Namna ya Kutafuta Fiziotherapia kwa Jeraha la Zamani la Goti

Watu wengi wenye goti lililoumia miaka mingi iliyopita huamini kwamba wakati wa kulitibu umekwisha kupita, na imani hiyo huwanyima nafuu ambayo bado wangeweza kuipata. Ni kweli kwamba kano (ukanda imara unaounganisha mfupa na mfupa) iliyokatika au gegedu (tishu inayokinga mifupa isisuguane kwenye kiungo) iliyolika huenda isirudi katika hali yake ya awali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya udhaifu unaobaki hutokana na misuli, hasa ile ya mbele ya paja, ambayo hunywea goti linapovimba na mara nyingi hairejeshi nguvu zake bila mazoezi maalumu. Misuli huitikia mazoezi katika umri wowote, hata kama jeraha lina miaka 20.

Kwanza hakikisha kwamba goti lako halihitaji daktari kabla ya mazoezi. Goti linalokwama lisinyooke, linalolegea ghafla ukitembea, au lisiloweza kubeba uzito wako lichunguzwe na daktari wa mifupa. Likiwa limevimba, lina joto na wewe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ndani ya kiungo huharibu gegedu haraka. Uvimbe wenye maumivu kwenye shavu la mguu mmoja nao usingojewe, maana huenda ni damu iliyoganda.

Ukishajiridhisha, andika historia ya jeraha lako kabla ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Eleza mguu ulivyopinda siku ile, kama ulisikia mlio, na uvimbe ulianza baada ya muda gani. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani: uvimbe mkubwa uliojitokeza ndani ya saa chache huashiria damu ndani ya kiungo, na mara nyingi chanzo chake ni kano kuu ya ndani ya goti kukatika, ilhali ule uliokuja taratibu hadi kesho yake huelekea zaidi kwenye gegedu. Chukua pia karatasi za upasuaji kama uliwahi kufanyiwa, pamoja na picha ulizonazo. Usiahirishe tiba kwa sababu tu hujapiga picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya kiungo kwa nguvu za sumaku, kwani kipimo hicho huonyesha mipasuko hata katika magoti yasiyouma kabisa.

Vaa kaptura siku ya miadi. Mtaalamu makini atalinganisha magoti yote mawili, atapima unavyolikunja na kulinyoosha, atakutazama ukichuchumaa na ukisimama kwa mguu mmoja, kisha atachunguza nyonga na kifundo cha mguu, kwa sababu udhaifu wa huko huliongezea goti mzigo. Mweleze lengo lililo wazi, kama vile kushuka ngazi bila kushika ukuta au kupiga magoti wakati wa ibada.

Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza cha huduma nzuri ni mazoezi unayopewa ya kufanya nyumbani, yanayoongezwa ugumu kadiri unavyopata nguvu. Kukandwa na mashine za joto hutuliza kwa muda, lakini haviwezi kuimarisha paja. Ukiona kila miadi inaishia hapo, uliza mpango wa mazoezi uko wapi, na usipopata jibu tafuta mtaalamu mwingine.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayamaanishi kwamba unaliharibu goti. Yakiwa ya kuvumilika na yakatulia kabla ya siku ya pili, endelea; yakizidi au goti likivimba, punguza uzito unaoinua au idadi ya marudio bila kuacha kabisa. Nguvu hujengeka kwa wiki 6 hadi 12, hivyo usikate tamaa mwezi wa kwanza. Ikiwa umefanya mazoezi kwa uaminifu muda wote huo na hakuna kilichobadilika, rudi kwa daktari ukiwa na kumbukumbu za ulichofanya, ili uchunguzi uanzie hapo.