Kutunza programu kwenye Linux uliyoijenga mwenyewe

Anayejenga Linux yake kwa kufuata Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, humaliza kazi akiwa na mfumo usio na apt wala dnf, yaani zana za kusakinisha na kuondoa programu. Programu zimo na zinafanya kazi, lakini hakuna daftari linaloonyesha faili ipi ililetwa na programu ipi. Kwa sisi mafundi wa Kigoma, ambao mara nyingi tunahudumia kompyuta kadhaa kwa bando la simu, kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) programu ileile mara mbili ni kupoteza muda na umeme bure. Kwa hiyo nashikilia kanuni moja: programu isiguse mzizi wa mfumo (saraka ya /) kabla ya kupita kwenye saraka ya muda.

Hatua ya 1: Kompaili na usakinishe pembeni. Fanya kazi hii ukiwa mtumiaji wa kawaida. Tutumie nano, kihariri cha maandishi, kama mfano:

```
umask 022
tar -xf nano-8.0.tar.xz && cd nano-8.0
./configure --prefix=/usr --sysconfdir=/etc
make
make DESTDIR=/var/tmp/nano install
```

Programu inaamini kwamba makazi yake ni /usr, ila faili zote zinatua chini ya /var/tmp/nano, ambako unaweza kuzikagua kwa utulivu. Zipo Makefile (faili za maelekezo ya amri ya make) zilizoandikwa kwa mkono ambazo hazijali DESTDIR hata kidogo. Ukikutana na Makefile ya aina hiyo huku wewe si root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, utanyimwa ruhusa na usakinishaji utakoma, ilhali root angemwaga faili mfumo mzima bila onyo lolote.

Hatua ya 2: Funga kifurushi. Ondoa kwanza faili ya usr/share/info/dir ikiwa imejitokeza, kwa sababu ni faharasa inayochangiwa na programu nyingi, na nakala hiyo ingefuta iliyopo.

```
rm -f /var/tmp/nano/usr/share/info/dir
mkdir -p ~/vifurushi
tar --owner=0 --group=0 -C /var/tmp/nano \
  -cJf ~/vifurushi/nano-8.0-1.tar.xz usr
```

Kifurushi hiki unaweza kukitia kwenye flashi na kukipeleka kutoka Mwanga hadi kwenye kompyuta nyingine Ujiji, humuhumu Kigoma, mradi mifumo yote miwili imejengwa kwa matoleo yaleyale ya maktaba, yaani faili za msimbo zinazotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Usikompaili kwa -march=native (chaguo linaloilenga prosesa ya kompyuta unayojengea) iwapo kompyuta ya pili ina prosesa ya zamani zaidi, kwani programu itazimika papo hapo ikilalamikia amri isiyojulikana, nawe utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Hatua ya 3: Andika orodha, kisha fungua. Kuanzia hapa unahitaji root, kwa hiyo nakili kifurushi kwenye saraka uliyomo na uandae /var/lib/vifurushi.

```
tar -tf nano-8.0-1.tar.xz | grep -v '/$' \
  > /var/lib/vifurushi/nano-8.0
tar --keep-directory-symlink -C / -xf nano-8.0-1.tar.xz
ldconfig
```

Chaguo la --keep-directory-symlink lisiachwe. Katika mifumo ya sasa /lib na /bin ni viungo vinavyoelekea ndani ya /usr. Kifurushi kikija na saraka halisi iitwayo lib, tar itaondoa kiungo na kuweka saraka hiyo, na tangu dakika hiyo karibu kila amri itakataa kuanza. Kifurushi chenye faili za /etc nacho kisifunguliwe kabla hujalinganisha mipangilio yake na yako.

Hatua ya 4: Kuondoa. Kazi ni fupi kwa kuwa orodha ipo:

```
cd / && xargs -d '\n' rm -f -- < /var/lib/vifurushi/nano-8.0
```

Hatua ya 5: Kupandisha toleo. Fungua toleo jipya kwanza, halafu futa zile faili tu zilizomo kwenye orodha ya zamani na hazimo kwenye mpya; amri hii, ikiendeshwa ndani ya /var/lib/vifurushi, inazionyesha:

```
comm -23 <(sort nano-8.0) <(sort nano-mpya)
```

Maktaba zinadai uangalifu zaidi. Ikiwa namba iliyo mara baada ya .so kwenye jina la faili ya maktaba imebadilika, tuseme kutoka .so.2 kwenda .so.3, iache ya zamani mahali pake, tafuta kwa readelf -d programu zinazoitegemea, na uzikompaili upya moja baada ya nyingine kabla ya kuifuta. Glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, usiipandishe kwa njia hii, kwa sababu tar na rm zenyewe zinaitegemea. Ukilazimika kuwa na toleo jipya, ni salama zaidi kujenga mfumo wote upya kwenye patisheni nyingine.