Louvre msimu wa baridi: angalia siku, na uangalie nani anakuuzia tiketi

Ndugu zangu mnaopokea wageni kutoka nyumbani Desemba hii, nisikilizeni kabla hamjalipa chochote. Makumbusho ya Louvre, Paris, hufungwa kila Jumanne, mwaka mzima. Hufungwa pia tarehe 25 Desemba, 1 Januari na 1 Mei. Nina miaka kumi na moja Ulaya na hilo nilikuja kulijulia mlangoni, nikiwa na mama yangu mdogo na wanawe wawili, waliokuja kwa nauli ya kujinyima.

Ilikuwa Jumanne, 31 Desemba 2024. Tiketi nilizinunua kupitia kiungo alichotuma binamu kwenye grupu la ukoo. Alitaka kusaidia, simlaumu. Ukurasa ulikuwa na picha ya piramidi ya kioo, neno Louvre kwa herufi kubwa, na saa nyekundu iliyokuwa ikihesabu dakika: tiketi zinakaribia kuisha. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini, nikaingiwa na hofu, nikalipa. Euro 65 kila mtu, watu wanne, jumla euro 260. Tarehe 31 niliichagua mwenyewe na ukurasa ukaikubali. Hapo ndipo mtego ulipo: makumbusho yenyewe hayawezi kukuuzia tiketi ya siku ambayo yamefungwa, lakini mlanguzi anakuuzia siku yoyote unayoitaka.

Kilichoingia kwenye barua pepe hakikuwa tiketi. Kilikuwa karatasi ya kuthibitisha malipo, isiyo na msimbo wa kuskani, ikisema tukutane na mtu mwenye mwavuli wa njano karibu na tao la Carrousel saa nne na nusu asubuhi. Tukafika saa nne. Mama mdogo alikuwa amevaa koti langu la zamani juu ya kitenge, na mikono ya koti ilimzidi hadi ikameza vidole. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka tisa, alikuwa akimkagua kila mwenye mwavuli anayepita. Baadaye akaacha kukagua, akawa anapulizia viganja tu. Saa tano kasoro robo nikapiga namba iliyoandikwa kwenye ile karatasi, ikaita mpaka ikakata. Nikamfuata mlinzi. Akaisoma simu yangu, akanitazama kwa huruma, akasema maneno mawili: fermé, mardi. Pamefungwa, Jumanne.

Kesho yake ilikuwa Mwaka Mpya, pamefungwa tena. Tarehe 2 alfajiri wageni wangu walikuwa uwanja wa ndege. Mama mdogo amefundisha historia sekondari zaidi ya miaka thelathini. Ule mchoro wa Mona Lisa yeye hakuwa na haja nao. Alimtaka yule mwandishi wa Misri ya kale, sanamu ya mtu aliyeketi kakunja miguu, mafunjo mapajani, aliyemwonyesha kila kidato cha kwanza kwenye picha ya kitabu. Alisimama pale uani akaliangalia jumba, akanishika mkono: "Haya mwanangu, nyumba tumeiona." Mpaka leo sentensi hiyo inaniuma.

Kwa hiyo narudia. Tovuti rasmi ni louvre.fr, na tiketi zinauzwa ticket.louvre.fr. Soma anwani herufi kwa herufi. Kuwa na neno louvre ndani ya anwani si ushahidi wa kitu. Anwani ndefu zenye louvre, Paris na tiketi zimeunganishwa kwa vistari ni za watu wengine kabisa. Ukitafuta mtandaoni, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na mlanguzi ana pesa za kulipia tangazo. Sisemi mawakala wote ni wezi. Wapo wa halali wanaokupa mtu wa kukutembeza na kukueleza, na hiyo ni kazi inayostahili malipo. Lakini kama unataka kuingia tu, huna sababu ya kupita kwa mtu wa kati.

Hesabu yenyewe iangalieni. Siku zile tiketi ya mtu mzima ilikuwa euro 22. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, kutoka nchi yoyote duniani. Tulikuwa watu wazima wawili na watoto wawili, kwa hiyo kwenye tovuti rasmi ningelipa euro 44. Nililipa 260, na nusu ya hizo zilikuwa za watoto ambao hawadaiwi hata senti. Wakatie watoto tiketi zao za bure kwa saa ileile ya kwenu, ubebe pasi zao.

Bei imebadilika. Tangu Januari 2026 wageni wasio wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein) hulipa euro 32. Mama mdogo akija leo na pasi ya Tanzania ni hiyo. Vijana wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi kihalali katika eneo hilo huingia bure, kwa hiyo mwanafunzi abebe kadi yake ya ukazi, maana mlangoni ataulizwa. Wanasema fedha ya nyongeza ni ya ukarabati. Mimi naona si haki. Ndani ya jumba lile mna vitu vya Misri na vya Iraki, halafu Mmisri na Mwiraki wanaokuja kuvitazama vitu vya babu zao ndio wanaotozwa euro kumi zaidi.

Nanyi wazazi na ndugu wa nyumbani, kwa heshima zote: msituambie "tutalipa hapohapo mlangoni" au "ongea na yule mlinzi vizuri". Huku tiketi ina saa yake, na wakati wa sikukuu nafasi hujaa siku nyingi kabla. Mlinzi hana cha kukusaidia hata akikupenda. Wenyeji wanaiamini karatasi kuliko uso wa mtu, na jambo hilo lilinichoma siku ile, ingawa nakiri kwamba hakuna aliyeniomba kitu kidogo. Anzeni na "bonjour" kabla ya swali lolote. Ukimrukia Mfaransa na shida yako bila salamu, anakuona huna adabu, na kwa hilo mtu wa pwani hana haki ya kumshangaa.

Mengine ni mepesi. Shukeni metro ya 1 au ya 7, kituo cha Palais Royal–Musée du Louvre. Begi lisizidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Ndani kuna joto, makoti wekeni kwenye makabati, ni bure. Ukitoka umetoka, hurudi kwa tiketi ileile, kwa hiyo mle kwanza.

Kama umeshanaswa, usikae kimya kwa aibu. Nilipeleka pingamizi benki pamoja na picha za skrini, ile karatasi, na ukurasa wa Louvre unaosema Jumanne hapafunguliwi. Ilichukua miezi miwili, wakanirudishia, kwa sababu nililipa kwa kadi. Ukituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu, kuzipata tena ni kazi kubwa mno.

Februari nilirudi peke yangu, Jumatano jioni. Jumatano na Ijumaa hufungwa saa tatu usiku, na saa za mwisho watu hupungua. Mona Lisa nilimpita, ana sentimita 77 kwa 53 na simu mia zimeinuliwa mbele yake. Nikaenda upande wa Sully kwa yule mwandishi. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria, wa mawe ya chokaa yaliyopakwa rangi, tumbo limelegea kama la mzee aliyekaa sana kazini. Macho yake ni ya fuwele, na ukisogea kidogo kando unahisi amekufuata. Nikampigia mama mdogo simu ya video. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniambia nisogeze simu mkononi, alitaka kuona vidole vinavyoshika kalamu ambayo haipo tena.