Namna ya Kupiga Picha za Kazi na za Kila Siku Karibu na Nyumbani

Mpigapicha anayeishi kwa kamera yake hupata sehemu kubwa ya kazi zake katika eneo analoweza kulifikia na kurudi siku hiyohiyo: mahafali, duka jipya linalotaka kujitangaza, mkutano wa chama, familia inayotaka kumbukumbu ya mzee wao. Katikati ya kazi hizo wapo watu anaokutana nao njiani, ambao hakuna aliyemtuma kuwapiga. Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo mawili kwa pamoja kwa sababu hayatenganiki: mtu aliyekereka leo kwa kupigwa picha bila kuulizwa huenda ndiye mlinzi wa mlango wa ukumbi utakaoingia wiki ijayo ukiwa na kamera begani. Mpigapicha wa safari huondoka na picha zake, lakini wa mtaani hubaki na watu aliowapiga, na ni vyema kila hatua ya kazi yake ipangwe kwa kulizingatia hilo.

Kabla ya kukubali kazi

Mteja anayesema tu "njoo utupigie picha" bado hajakueleza anachotaka. Muulize picha zitatumika wapi, kwa kuwa bango huhitaji nafasi tupu ya maandishi, ukurasa wa jarida mara nyingi huhitaji picha ya wima, na mitandao ya kijamii huzikata kingo picha ambazo hazikuachiwa nafasi. Muulize nani hapaswi kukosekana, nani hataki kuonekana, na picha ya kwanza inahitajika saa ngapi. Kisha andika makubaliano, hata kama mteja ni jirani, na hasa akiwa jirani: idadi ya picha, siku ya kukabidhi, malipo ya awali, na matumizi yanayoruhusiwa. Si lazima uwe mkataba wa kurasa kumi. Ujumbe wa simu unaotaja mambo hayo manne, ukajibiwa kwa kukubaliwa, huzuia ugomvi mwingi.

Faida kubwa ya kufanya kazi karibu ni kwamba unaweza kwenda kukagua mahali siku moja kabla, saa ileile ambayo shughuli itafanyika. Tazama jua linaingilia dirisha lipi na ukuta una rangi gani, kwa sababu ukuta wa kijani humwaga ukijani wake kwenye nyuso za watu. Zaidi ya yote, zichunguze taa. Katika nchi nyingi umeme una masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za mirija pamoja na nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera hutambua: ukipiga kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde, picha moja hutoka na michirizi ya giza na inayofuata hutoka na rangi nyingine kabisa. Chini ya taa kama hizo shuka hadi 1/100 au 1/50. Palipo na umeme wa hezi 60, tumia 1/125 au 1/60. Mpigapicha asiyejua hili huilaumu kamera, na wakati mwingine huipeleka kwa fundi bila sababu.

Kazi yenyewe: mfano wa karakana

Tuchukue kazi ya kawaida, yaani kumpiga picha fundi seremala kwa ajili ya tangazo lake au kwa habari fupi ya jarida. Usianze kwa kumpanga. Ingia, salimia, eleza umekuja kufanya nini, kisha mwache aendelee na kazi yake huku kamera ikionekana lakini haijainuliwa. Dakika za mwanzo mtu hufanya kazi kwa ajili ya kamera: mgongo unanyooka na tabasamu linaganda. Subiri mbao ianze kumsumbua, kwani fundi anayehangaika na fundo gumu la mti husahau kwamba yupo mtu anayemtazama.

Karakana nyingi zina mlango mpana unaoingiza mwanga wa kutosha. Zima taa za ndani ukiruhusiwa, kwa sababu balbu ya njano ina joto la rangi (kipimo cha mwanga kuelekea unjano au usamawati) la kelvini 2700 hivi ilhali mwanga wa mchana unakaribia 5500, na zikichanganyika upande mmoja wa uso huwa wa chungwa na mwingine wa samawati. Simama ubavuni mwa mwanga, si mlango ukiwa mgongoni mwako, ili mwanga ukwangue mbao na kuonyesha nyuzi zake pamoja na mishipa ya mikono. Kasi ya 1/500 itayagandisha maranda yanayoruka kutoka kwenye randa. 1/30, kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, itaacha mkono uwe ukungu unaokwenda na kurudi huku uso ukibaki wazi. Binafsi naipendelea ya pili, kwa sababu ile ya kwanza huonyesha kuni ndogo hewani, nayo hii huonyesha mtu akifanya kazi.

Kabla ya kuondoka, hakikisha umepata picha pana inayoonyesha mahali, ya kati inayomwonyesha fundi na kazi yake, ya karibu ya mikono, ya kifaa kilichochakaa kwa kutumika, na ya uso akikutazama. Mhariri akiwa na hizo tano ataweza kuupanga ukurasa. Akiwa na thelathini zilizopigwa kutoka pembe moja, hawezi.

Angalizo moja kuhusu kipimo cha mwangaza. Kamera huikadiria picha nzima kana kwamba ina weupe na weusi wa wastani. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu, kamera hupunguza mwangaza na uso unazama gizani. Ongeza fidia ya mwangaza kwenye kamera kwa stopu moja (yaani mwanga maradufu) au zaidi, au upime usoni peke yake, na ukubali anga iungue, yaani itoke nyeupe tupu, ikibidi, kwa kuwa anga haikukuagiza kazi.

Matembezi ya kila siku

Kwa siku zisizo na kazi, beba kamera ndogo na lenzi moja ya milimita 35 au 50, basi. Begi kubwa humgeuza mwenye nalo kuwa tukio, na watu huanza kuuliza kuna nini. Pita njia moja kwa saa tofauti badala ya kutafuta njia mpya kila siku, kwani mwanga ndio unaobadilika na watu hukuzoea. Anayedhani mtaa wake hauna picha amkumbuke mpigapicha Josef Sudek wa Prague, ambaye kuanzia 1940 hadi 1954 alipiga mfululizo mrefu wa picha kupitia dirisha la studio yake: mvuke kwenye kioo, mti uliopinda bustanini, theluji.

Kuhusu ruhusa, sheria za nchi hutofautiana, na ni wajibu wako kuzijua za kwako, hasa mpaka kati ya picha ya habari na picha ya biashara. Kwa tangazo, pata ridhaa ya maandishi ya kila anayetambulika. Hata hivyo, mtaani sheria ni nusu tu ya jambo. Mtu akiwa sehemu ndogo ya mandhari, piga. Akiwa ndiye picha yenyewe, omba kwa sentensi fupi na ya kweli: "Samahani, ninapiga picha za mafundi wa mtaa huu. Naomba nikupige ukiendelea na kazi, kisha nitakuletea nakala." Akikataa, shusha kamera, shukuru, na uendelee kuzungumza naye kidogo kabla ya kuondoka, ili asidhani salamu yako ilikuwa chambo. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kujua, hata kama wao wenyewe ndio wanaokuzunguka wakidai picha. Mgonjwa, mlevi, na aliye kwenye msiba waache, isipokuwa familia ndiyo iliyokuita.

Nakala iliyoahidiwa ipelekwe. Jambo hili linaonekana dogo, nalo ndilo linalofungua milango mingi kuliko lenzi yoyote. Malick Sidibé, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1958, alikuwa akipiga picha kwenye dansi za vijana usiku, akirudi studio kusafisha filamu, kisha anazitundika nakala ndogo nje ili waliokuwapo waje wajitafute na kuagiza. Watu walijiona haraka, wakamwita tena. Leo unaweza kutuma kwa simu, lakini mpelekee mzee picha ya karatasi. Ya simu itapotea pamoja na simu.

Jirani atakuomba umpigie bure. Amua mapema ni zipi unazotoa kama zawadi na ni zipi ni kazi, kisha usibadilike mbele ya mtu. Picha moja uliyoichagua mwenyewe inaweza kuwa zawadi, ila saa tatu za kusimama kwenye sherehe yake ni kazi, na unaweza kumpa punguzo ukilitaja waziwazi kuwa ni punguzo.

Ukirudi nyumbani

Nakili kadi siku hiyohiyo, na usiifute mpaka faili ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa imehifadhiwa nje ya nyumba yako. Maelezo ya picha yaandike ungali unakumbuka: nani, wapi, lini, anafanya nini, na jina liandikwe kama mwenyewe alivyolitamka na kulithibitisha. Baada ya miaka, jina lililokosekana ndilo linaloifanya picha nzuri ishindwe kuchapishwa.

Kabla ya kuituma picha yoyote iliyopigwa nyumbani kwa mtu, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Simu na baadhi ya kamera huandika humo latitudo na longitudo, na yeyote atakayeipata faili hiyo anaweza kuzisoma na kufika hadi mlangoni pa mtu aliyekukaribisha.