Kufukia duara lililoachwa kwa magwangala

Huku Mpwapwa mvua za Desemba zikianza, kingo za maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa madini, huporomoka zenyewe. Fukieni kwa magwangala, yaani mawe ya taka ya mgodini, Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu.

Kwanza mwoneni Afisa Madini Mkazi, maana duara linaweza kuwa ndani ya leseni ya mtu. Asishuke yeyote kuchungulia! Hewa ya chini inaua bila harufu, na matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yameshaoza. Gari limwage mawe mbali na ukingo, kijiko (mtambo wa kuchimbia) kisukume. Watu wote wakae nje ya ufa wa mwisho unaoonekana ardhini. Nawasihi vijana wangu kila mara, maana ukingo hauonyi.

Sasa mawe yenyewe. Vunja moja ulitazame: likiwa na chembe za manjano zing'aazo, na mengine ya rundo hilo yametoka kutu ya rangi ya machungwa, lina salfaidi, yaani madini yenye salfa. Likipata maji na hewa hutoa tindikali, kwa hiyo usilitie jirani na kisima cha watu. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuchenjuliwa, yaliyoguswa na zebaki yasiingie kabisa. Wenzetu wa makaa ya mawe kule Ruvuma wana hatari nyingine: mabaki yao hupata joto yenyewe hata kuwaka, hivyo lazima yashindiliwe tabaka kwa tabaka na kufunikwa udongo.

Mawe makubwa yatangulie, madogo yafuate, kisha mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu acha kichuguu, kwani kifusi hutitia. Chimba mtaro upande wa mlimani, zungushia miiba. Baada ya mvua kubwa ya kwanza rudi ukague. Pakizama, ongeza udongo.