Unamtafuta askari wa Kiingereza aliyepelekwa Australia kama mfungwa? Usianze na jina

Wengi wakishika jina tu wanaligugo, wanaletewa akina John Smith kibao halafu wanaacha. Anza na meli. Kule Van Diemen's Land, ndo Tasmania ya leo, karani alimtambua mfungwa kwa jina pamoja na meli iliyomleta, kwahiyo hata majina yafanane herufi kwa herufi meli ndo inawatenganisha.

Meli utaipata kwenye HO 11 (1787 hadi 1870), madaftari ya wafungwa waliosafirishwa kwa meli, orojino ziko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, ila State Library of Queensland wana orodha yake ya kusachi bure. Ukimpata angalia alihukumiwa wapi, hapo ndo askari anajianika mwenyewe. Mwizi wa kawaida ataandikiwa Old Bailey, mahakama ya London, au mji fulani wa Uingereza, askari utamkuta Quebec au Gibraltar huko, tena mahakama ya kijeshi. Kosa lenyewe humo hawaandiki, usihangaike kulitafuta.

Kama alishushwa Tasmania kosa liko hukohuko, na saiti ya Libraries Tasmania haikulipishi hata senti. Fungua madaftari ya mwenendo wa wafungwa: waliofika mapema CON 31, wa kuanzia miaka ya 1840 CON 33. Mwandiko ni wa kubana balaa, mi huwa naanza na sehemu ya alama za mwilini maana ni fupi. Tafuta herufi D. Mtoro wa jeshi (deserter kwa Kiingereza) alichanjwa D upande wa kushoto chini ya kwapa, sindano na wino, isifutike, hata akibadili jina akajiandikisha kikosi kingine akivuliwa shati tu kaumbuka. Ukiiona hiyo D ujue huyo jeshi lilishawahi kumshika. Ukikuta TL karuhusiwa kujitafutia kazi kabla kifungo hakijaisha, CP msamaha wa masharti, FS kamaliza muda wake.

Halafu usidhani kila askari aliyeiba aliiba kwa shida. Mwaka 1826 hapo Sydney, Joseph Sudds na Patrick Thompson wa kikosi cha 57 waliiba kitambaa dukani makusudi ili wafukuzwe jeshini, yaani waliona maisha ya mfungwa yana nafuu kuliko yao! Gavana Ralph Darling akawavalisha kola za chuma zenye miiba na minyororo, Sudds akafa siku chache tu baadaye.

Mwisho rudi jeshini, WO 12, daftari za mishahara, nazo ziko Kew. Zinaenda miezi mitatu mitatu, we fuata jina la mtu wako kwenye kikosi chake robo baada ya robo mpaka mshahara ukatike, pembeni mara nyingi karani kaandika sababu. Tarehe hiyo ikiendana na ya hukumu kule HO 11, basi ndo yeye.