Kununua nyumba ya kwanza Zanzibar: watu wa kuwauliza, karatasi za kufuata na pesa za kuweka kando

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kauli nzuri, na karatasi zake alizitoa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Nyumba ilikuwa Fuoni, vyumba vitatu, kisima uani, bei shilingi milioni 64. Mimi na mume wangu tukatoa arbuni, yaani malipo ya kushikia nyumba, ya milioni 4 palepale barazani. Tulipokuwa tunaondoka, bibi wa nyumba ya pili akaniita pembeni: "Mwanangu, na yule wa Maskati mmemuuliza?" Hatukuwa na habari kama kuna wa Maskati. Ni dada yake muuzaji, mrithi kama yeye, na hakuridhia nyumba iuzwe. Arbuni yetu ilirudi kwa vipande, laki tatu leo, laki tano mwezi unaofuata, kwa miezi saba.

Nyumba tunayokaa sasa ni nyengine, na baada yake nimeshaandamana na ndugu na majirani kadhaa ofisini kwa ajili ya nyumba zao. Wote nimewapa mpango mmoja: anza na watu, fuata karatasi, pesa itoke mwisho.

Jua kwanza unanunua nini

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais. Mtu hamiliki udongo. Anachomiliki ni haki ya kuutumia, na haki hiyo ndiyo inayorithiwa, inayotolewa zawadi na inayouzwa. Hupewa Mzanzibari aliyetimia miaka 18, kwa hiyo kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi kiwe tayari na jina lake lisitofautiane na la karatasi nyengine hata kwa herufi moja. Asiyekuwa Mzanzibari ana njia yake ya kukodi ardhi, na hiyo siizungumzi hapa.

Kwa hiyo ukiambiwa "nyumba ina karatasi", uliza karatasi gani. Hati ya matumizi ya ardhi ni kitu kimoja. Usajili uliofanywa baada ya utambuzi wa ardhi, yaani kuhakikishwa rasmi nani ana haki ya kiwanja, ni kitu chengine, nao una nguvu. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, ikapigwa muhuri wa sheha na kusainiwa na mashahidi wawili, inathibitisha kwamba watu walikubaliana, lakini haikufanyi wewe mwenye haki mbele ya Mrajis, afisa anayesajili ardhi. Viwanja vingi vya pembezoni mwa mji vimeshapita mikono mitatu minne kwa karatasi za namna hiyo. Ukikutana nacho, dai mnyororo wote: nani alimuuzia nani, tangu wa mwanzo. Kipande kimoja kikikosekana, msisonge mbele mpaka kipatikane.

Ziko mali za kuangaliwa kwa macho mawili. Eka tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa ziwe mashamba, kwa hiyo anayekukatia kiwanja ndani yake lazima akuoneshe ruhusa ya Serikali. Mali ya wakfu haiuzwi. Nyumba ya Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, inaweza kuwa ya wakfu, ya Serikali au ya mtu binafsi bila ya tofauti kuonekana mlangoni, na hata ikiwa ya mtu binafsi huwezi kubadilisha dirisha bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba za maendeleo, yaani zilizojengwa na Serikali, kama za Michenzani, Kilimani, au Madungu kule Chake Chake, zianzie Shirika la Nyumba: uliza mtu huyo anauza umiliki au anakuachia upangaji tu.

Na kwa wanaonunua mashamba, khasa Pemba: miti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali. Unaweza kununua kiwanja Wete ukakuta mikarafuu miwili iliyomo ni ya mtu mwengine, na msimu ukifika atakuja kuchuma. Uliza mti mmoja mmoja, na jawabu liandikwe ndani ya mkataba.

Hatua ya kwanza: watu

Nenda kwa sheha wa shehia ile kabla ya kuzungumza bei. Mpe jina la muuzaji na la baba yake, umuulize kama kuna mgogoro wowote alioupokea juu ya nyumba ile. Kisha gonga hodi kwa majirani wa pande zote, mmoja mmoja, bila ya dalali kuwepo. Jirani anajua mpaka ulipokuwa kabla ya ukuta kujengwa. Anajua pia maji yanafika wapi wakati wa masika. Ukiweza, iangalie nyumba siku ya mvua kubwa. Ikiwa kiangazi, tafuta ukutani, nyuma ya kabati na chini ya madirisha, ule mstari wa rangi ya chai unaobaki maji yakishakauka. Mimi niliuona nyumba moja upande wa Mwanakwerekwe, umefika magotini, na juu yake rangi mpya ilikuwa bado inanuka.

Nyumba ya urithi ndiyo inayowakwamisha wengi, na nyumba nyingi zinazouzwa kwetu ni za urithi. Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Zinazobaki saba wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili mawili, wa kike moja moja. Nyumba ya milioni 64 ina mafungu manane ya milioni nane nane: mama milioni 8, kila mwanamme milioni 16, kila mwanamke milioni 8. Kaka mkubwa aliyekupokea barazani, hata awe ndiye aliyewalea wenzake, ana mafungu mawili katika manane. Sita yaliyobaki si yake kuyauza.

Kwa hiyo omba hati ya mirathi inayotaja warithi wote. Mirathi ya Waislamu hupita Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kila mrithi asaini mwenyewe. Aliye nje ya nchi atoe hati ya uwakala iliyothibitishwa kisheria huko aliko, inayotaja nyumba hiyo na kazi ya kuiuza. Ujumbe wa sauti wa "mimi nimeridhia, endeleeni" hautoshi. Kukiwa na mtoto mdogo miongoni mwa warithi, simama mpaka mahakama iseme nani anamsimamia. Na kama mmoja wa warithi anataka kuinunua yeye, mwache: kwa fiqhi ya Shafi, wanayoifuata wengi wetu, shufaa, yaani haki ya kuinunua kabla ya mtu wa nje, ni ya mshirika katika mali.

Hatua ya pili: upekuzi na mkataba

Chukua nakala ya hati uende Kamisheni ya Ardhi, ofisi ya Mrajis, uombe taarifa za kiwanja. Unataka kujua mambo matatu: jina lililomo kwenye daftari, kama mali imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mahakama. Kisha rudi kwenye kiwanja na mpima ardhi, mkayatafute mawe ya mpaka kwa macho na kuyalinganisha na ramani. Tuliponunua, jiwe la nne lilikuwa limefunikwa na msingi wa banda la jirani. Tukalizungumza kwa wema siku ileile, mbele ya muuzaji na sheha, na jirani akabomoa mwenyewe. Tungelikuwa tumeshalipa, tatizo lingelikuwa letu peke yetu.

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili, na wakili wako asiwe wa muuzaji. Ndani yake pawe na bei, mipaka, namba ya kiwanja, majina ya wauzaji wote, nani analipa kodi na ada zipi, na arbuni itarudi vipi na lini mambo yakikwama. Arbuni iwe ndogo na ipitie benki. Kama mnanunua wawili, mke na mume, andikeni majina yote mawili na fungu la kila mmoja. Nalisema hili kwa uzito, maana nimewaona kina mama waliotia dhahabu zao zote kwenye nyumba, na jina lao halimo popote.

Hatua ya tatu: Bodi ya Uhaulishaji

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza wanapokatisha njia. Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994 inataka mauzo ya ardhi yapate idhini ya Bodi ya Uhaulishaji, yaani bodi ya kuidhinisha haki ya ardhi ihame kwa mwengine. Bila ya idhini hiyo, mkataba wako na muuzaji haukuhamishii haki. Mnapeleka maombi na mkataba, hati ya asili, vitambulisho vya pande mbili, na hati ya mirathi au ya uwakala ikiwa inahusika. Jaza fomu kwa utulivu, piga nakala ya kila karatasi, na andika tarehe uliyowasilisha na jina la afisa aliyepokea. Malipo makubwa yasitoke kabla ya idhini. Muuzaji akikuharakisha, mwambie pesa ziko benki, na idhini ikitoka zitahamishwa siku hiyohiyo.

Idhini ikishapatikana, unalipa ushuru wa stempu na ada zinazohusika, kisha unarudi kwa Mrajis kusajili uhaulishaji na kupata hati yenye jina lako. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu pesa taslimu mkononi akulipie, hata awe ndugu yako anayefanya kazi palepale.

Pesa za kuweka kando

Bei ya nyumba si pesa yote. Dalali mmoja atataka asilimia 10, mwengine atakubali 5. Kwa nyumba ya milioni 64, tofauti hiyo peke yake ni milioni 3.2, kwa hiyo patana naye kabla hajakuonesha mlango, na muandikiane nani anamlipa. Kuna ujira wa wakili, mpima ardhi, mthamini ikiwa benki imo, ada ya maombi, ushuru wa stempu na usajili. Viwango vya Serikali hubadilika, viulize ofisini wiki ileile unayotaka kulipa. Mimi nawashauri ndugu zangu waweke angalau asilimia 15 juu ya bei, yaani milioni 9.6 kwa nyumba hii, na karibu nusu yake huishia kwenye bati, nyaya za umeme na karo la choo.

Anayekwepa riba aulize murabaha PBZ Ikhlas, huduma ya kibenki ya Kiislamu ya PBZ: benki inanunua, kisha inakuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo pamoja na faida yake, nawe unalipa kwa awamu. Usisaini mpaka uione bei yote kwa jumla, si awamu ya mwezi tu.

Siku ya kukabidhiwa

Kabla ya kupokea funguo, omba risiti za ZAWA uhakikishe hakuna deni la maji, na angalia mita ya umeme ya Tukuza imesajiliwa kwa jina la nani, ukalibadilishe ZECO, shirika la umeme. Badilisha makufuli jioni ileile. Hati ya asili iweke pasipofika maji wala mchwa, nakala moja abaki nayo wakili, nyengine mpe mtu wa damu yako, na uwaambie watoto wakubwa jalada liko wapi na majina gani yamo ndani yake.