Bosi kakuwakia? Namna ya kumsimulia mgeni kwa Kiingereza cha mtaani

Mi ni dereva gaidi (yaani "driver guide", dereva anayeongoza watalii) hapa Arusha, hili lilinikuta mwenyewe. Tumeshafika Makuyuni na wageni wawili wa Marekani ndo nakumbuka maboksi ya lanchi nimeyaacha ofisini, nikampigia bosi, simu iko laudispika na mi sina habari, akanichana gari zima linasikia. Nilipokata mama mmoja akaniuliza kulikoni, nikamjibu "my boss chewed me". Walicheka mpaka tunaingia Mto wa Mbu.

Kumbe ilitakiwa "chewed me out". Hiyo "out" ndo inabeba ukali, ukiitoa unakuwa umesema bosi kakutafuna kama muwa. Ila hii ni ya Wamarekani zaidi, kwa Waingereza sema "he told me off", ni nyepesi kidogo, kama kusemwa tu, hata mtoto anasemwa hivyo. Wengi tunateleza hapa: "me", "him", "them" lazima zikae katikati, usiseme "he told off me". Na kama hutaki kumtaja aliyekufokea, "I got told off" inatosha.

Umeuliza tu kama gari lina mafuta mtu akakulipukia? Huyo "he bit my head off". Hasira kubwa, kosa dogo.

Halafu kuna bosi anayewaita wote asubuhi, mnapangwa mstari, anayechelewa tena aende nyumbani. Hapo ni "he read us the riot act". Riot Act ilikuwa sheria kweli ya Uingereza, ilianza kutumika 1715, watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo ofisa anawasomea tangazo, zikipita dakika 60 hawajatawanyika wamekwisha. Kwa hiyo usiitumie kwa kufokewa kawaida, lazima kuwe na onyo ndani yake.

"Bollocking" utaisikia kwa Waingereza, maana yake kufokewa vibaya sana, lakini asili yake ni makende. Wakisema wao cheka, wewe usilianzishe, hasa kwa wazee.

Na za kwetu usizitafsiri neno kwa neno. Kuna chalii wangu wa Moshi, mpagazi, kiongozi wake alimpa makavu kambini, akamwambia mgeni "he gave me dry ones". Mgeni akajua kapewa soksi.